Tovuti Nzito na Ipimwe Nyaishozi



Tangu mfumo unaoendesha tovuti ya chama chetu ulipobadilishwa kutoka toleo la zamani kuingia toleo jipya, tumepokea malalamiko mengi, kwa barua, kwa simu na kwa maneno ya msikitini baada ya sala. Mmoja asema ukurasa wa matangazo hauji ila baada ya kumaliza kikombe kizima cha kahawa. Mwingine asema bando lamwishia kabla hajaiona bei. Baadhi ya wanachama wamepeleka shauri kwamba turudi kwenye toleo la zamani. Wengine wataka tukodi seva kubwa zaidi, hata ikibidi ada ya uanachama iongezwe.

Twawashukuru wote kwa shauri zao, lakini twaona zote mbili zina haraka. Daktari hatoi dawa kabla ya kumpima mgonjwa, na mkulima hang'oi mkarafuu kwa sababu ya majani machache ya manjano. Rai yetu ni hii: kabla ya kutoa hata shilingi moja, ugonjwa na upimwe, na usipimwe ofisini, bali upimwe kule aliko mkulima.

Twasema hivyo kwa kuwa tumeliona jambo lenyewe kwa macho. Baadhi yetu tulipata safari ya kuwatembelea wakulima wa kahawa wa Nyaishozi, wilayani Karagwe, mkoa wa Kagera. Ni nchi ya vilima na migomba, na kahawa imepandwa katikati ya migomba hiyo. Wenzetu hao hupeleka kahawa yao kwenye vyama vya msingi. Na katika misimu hii ya karibuni kahawa ya Kagera imekuwa ikinadiwa kwa njia ya kielektroniki, katika mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania. Kwa hiyo khabari ya bei, ambayo zamani ilikuja kwa mdomo wa mnunuzi, sasa yaweza kumfikia mkulima mkononi mwake, akiwa na simu na mtandao.

Tulipotaka kuwaonyesha wenyeji wetu ukurasa wa chama chetu, haukufunguka. Tulingoja, ukaja nusu. Tukangoja tena, ukaja pasipo bei. Tulipompigia fundi aliyefanya kazi ya kubadilisha toleo, jawabu lake lilikuwa kwamba ofisini wafunguka upesi, na kwamba mtandao wa huko ndio mbovu. Lakini kwa simu ileile, mahali palepale, tulifungua kurasa nyingine za maandishi na zikaja bila taabu. Basi hilo lilikuwa jibu la kwanza: kosa halikuwa la mnara wa simu peke yake.

Na kwa nini ofisini ufunguke upesi? Sababu haina uchawi. Kompyuta ya ofisi huufungua ukurasa uleule kila siku, na kivinjari chake kimekwisha weka akiba ya picha na mapambo yote. Haiyavuti tena kutoka mbali. Mgeni anayefungua kwa mara ya kwanza hana akiba hiyo. Yeye huuvuta mzigo wote. Anayepima tovuti kwa kompyuta ya ofisi ni kama mwenye nyumba anayesema njia ya kwake ni fupi, ilhali yeye hajatoka ndani.

Sasa tuwaeleze wanachama jinsi uzito wa namna hii unavyotafutwa, ili fundi ajapo na maneno mengi, tujue la kumwuliza.

Kwanza, yapasa kujua kama tatizo ni la njia au la nyumba. Njia huharibika kweli. Tarehe 12 Mei 2024 waya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikawa dhaifu katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Siku ile hapakuwa na tovuti ya kulaumiwa. Tena nyumba nayo yaweza kuvamiwa: mwezi wa Julai 2023 mfumo wa eCitizen wa Kenya ulielemewa na mashambulio ya maombi ya uongo, na raia wakakwama. Lakini tovuti moja ikiwa nzito na nyingine nyepesi kwa simu moja na saa moja, na uzito huo umeanza siku ileile ya kubadilisha toleo, basi wa kwanza kuulizwa ni toleo hilo.

Pili, zipimwe saa mbili mbalimbali. Saa ya kwanza ni muda tangu mtu aulize mpaka seva ianze kujibu. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa Google chasema muda huo usipite sehemu 8 za kumi za sekunde. Saa ya pili ni muda mpaka kitu kikubwa cha ukurasa kionekane, nacho kisipite sekunde 2.5. Saa ya kwanza ikiwa mbaya, ugonjwa u jikoni, ndani ya seva. Saa ya kwanza ikiwa njema na ya pili mbaya, ugonjwa u katika mzigo unaobebwa. Bila kuzitenga saa hizi mbili, fundi atakuwa anapapasa gizani.

Tuanze na jikoni. Mfumo wetu ni WordPress, uliotoka mara ya kwanza mwaka 2003 na ambao leo waendesha zaidi ya tovuti 4 katika kila 10 duniani. Mfumo wa namna hii hauna ukurasa uliokwisha andikwa. Kila mtu aombapo, huupika upya kwa kuuliza hifadhidata maswali mengi. Ndiyo maana huwekwa kache, yaani sufuria la chakula kilichokwisha iva. Fikirini pilau ya harusi: mpishi mwenye akili hupika sufuria moja kubwa akapakua sahani mia. Kache ikizimwa, mpishi huanza kuosha mchele upya kwa kila mgeni anayeketi. Katika kubadilisha toleo, kache husafishwa, na hilo ni sawa. Lakini mara nyingi husahauliwa kuwashwa tena, au programu-jalizi iliyokuwa ikiitunza haipatani na toleo jipya.

Hizo programu-jalizi ndizo za kukaguliwa baada ya hapo. Ni vifaa vidogo vilivyoongezwa na watu mbalimbali: kimoja cha kuhesabu wageni, kimoja cha picha, kimoja cha fomu. Fundi na afanye nakala ya tovuti pembeni, asiiguse ile wanayoisoma watu, kisha azime nusu ya vifaa na kupima. Uzito ukiondoka, mkosaji yumo katika nusu iliyozimwa. Usipoondoka, yumo katika nusu iliyobaki. Aendelee kugawa hivyo nusu kwa nusu. Vifaa vikiwa 16, kwa hatua 4 tu atamkamata, iwapo mkosaji ni mmoja.

Mengine ya kutazamwa jikoni ni haya. Je, toleo la lugha ya PHP linapatana na mfumo mpya, na akiba yake ya ndani imewashwa? Je, hali ya majaribio, ambayo huandika kila kosa katika daftari, imeachwa wazi? Je, kuna mafaili yaliyopotea, ambayo kila yaombwapo seva huamka kupika ukurasa mzima wa kusema "hakipatikani"? Je, mipangilio ya programu zilizokwisha ondolewa bado inabebwa kila ukurasa unapofunguliwa? Tangu toleo la 6.6 la Julai 2024, ukaguzi wa afya wa WordPress wenyewe huonya mzigo huo ukipita kilobaiti 800. Onyo hilo lipo kwenye skrini. Ni kulisoma tu.

Tuje kwenye mzigo. Toleo jipya la tovuti yetu lilikuja na sura mpya, na sura hiyo ina picha kubwa ya shamba la mikarafuu juu kabisa. Ni picha nzuri, wala hatuna ugomvi nayo. Lakini tufanye hesabu. Picha ya megabaiti 4, kwenye mtandao wa megabiti 1 kwa sekunde, huchukua sekunde 32 kufika. Picha hiyohiyo ikipunguzwa iwe kilobaiti 100, hufika kwa muda usiotimia sekunde moja. Karafuu mbichi nasi hatuipeleki kituoni. Twaichambua, twatoa makonyo, twaianika jamvini mpaka kilo tatu zikawa kama kilo moja, ndipo tukaifunga. Kwa nini picha zetu zipelekwe mbichi?

Kadhalika kuna masafa. Seva ikiwa Ulaya, ujumbe wa kwenda na kurudi kutoka Kagera hauwezi kupungua sana chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, kwa kuwa hata mwanga ndani ya waya una mwendo wake. Safari moja si kitu. Lakini ukurasa ukiita herufi kutoka kampuni moja, vihesabio kutoka ya pili, na ramani kutoka ya tatu, safari huwa nyingi, na kwa mtandao dhaifu kila moja hukawia.

Sasa turudi kwa wale wanaotaka toleo la zamani. Twawaelewa, kwa maana lilikuwa jepesi. Lakini toleo lisilotengenezwa tena ni nyumba yenye mlango uliooza. Wenye tovuti za Drupal 7 waliambiwa kwamba msaada wake ungekwisha tarehe 5 Januari 2025, na ukakwisha siku hiyo. Tangu hapo, tundu jipya likionekana, jumuiya ya Drupal yenyewe hailizibi tena. Kurudi nyuma kwa siku mbili tatu ili kazi iende ni halali, ikiwa nakala ipo. Kukaa huko ni kualika wezi.

Na wale wasemao tununue seva kubwa, twawaomba wakumbuke khabari ya Marekani. Tarehe 1 Oktoba 2013 serikali yao ilifungua tovuti ya bima ya afya, HealthCare.gov, kwa fedha nyingi mno. Siku ya kwanza waliomaliza kujiandikisha walikuwa watu 6 tu. Walioitwa kuiokoa walikuta hakuna hata vipimo vya kuonyesha tovuti inaumwa wapi, wakaanza na kuweka vipimo. Ikiwa taifa tajiri lilinusurika kwa kupima, sisi wenye mfuko wa ada za wakulima tutaachaje?

Pengine mwanachama atauliza: kwa nini maneno mengi juu ya sekunde chache? Kule Kagera kuna jambo liitwalo butura: mkulima huuza kahawa ingali mtini, kwa bei ya chini, kwa kuwa ana shida leo na mavuno ni ya kesho. Serikali imelipiga marufuku mara nyingi. Hatusemi kwamba tovuti yaweza kuondoa butura, maana mzizi wake ni uhitaji. Lakini mwenye shida asiyejua bei huumia mara mbili. Nasi visiwani tunao ndugu waliokwisha kukopa kwa karafuu zilizo bado juu ya mti. Mtu huyo akitaka kujua bei iliyotangazwa ya kuuzia ZSTC, au kituo kipi kimefunguliwa, na ukurasa ukamnyima, hatakaa kutungoja. Atamwuliza mtu wa kwanza anayepita, na mtu huyo huenda ndiye mnunuzi.

Basi twapendekeza mambo matano yapelekwe mbele ya mkutano mkuu. Moja, mfumo wa tovuti usibadilishwe toleo wakati wa mavuno, ila kwa dharura ya usalama. Pili, kila badiliko lijaribiwe kwanza kwenye nakala, na akiba ya tovuti nzima iwekwe kabla ya kuanza. Tatu, fundi asilipwe fungu la mwisho mpaka ukurasa wa bei umefunguliwa kwa simu ya bei ndogo, isiyokuwa na akiba, mahali penye mtandao dhaifu, na muda wake umeandikwa. Nne, bei na matangazo yawekwe kwa maandishi juu kabisa ya ukurasa, na picha zifuate chini. Tano, khabari hizo hizo ziendelee kupelekwa kwa ujumbe mfupi wa simu, kwa ajili ya mwenye kitochi asiyekuwa na bando.

Hakuna katika hayo linalohitaji fedha nyingi. Lahitaji uangalifu, na mtu wa kuuliza kila mara, "Je, aliye mbali naye ameona?" Wakulima wa Nyaishozi ni wenzetu katika taabu ya zao la kuuza nje, ukurasa unaofunguka vilimani kwao utafunguka na Micheweni, na Makunduchi, na popote alipo mwanachama mwenye simu mfukoni. Tumewasilisha rai, uamuzi ni wenu. Kila mwenye neno na alilete kwa maandishi kabla ya mkutano, na akitaja siku, saa, mahali na aina ya simu aliyotumia, atakuwa amemsaidia fundi kuliko kusema tu kwamba tovuti ni mbovu.

Wabillahi tawfiq.

Katibu wa Chama