Msikubali Bomba la GI Likatwe kwa Gesi

Ndugu wakulima, fundi akifika kwenye skimu na mtungi wa gesi ili akate mabomba ya maji, mzuieni. Atawaambia gesi inaokoa muda. Muda wa nani? Wake, si wenu.

Bomba la GI linachelewa kupata kutu kwa sababu limevikwa zinki nje na ndani. Zinki huyeyuka kwenye nyuzijoto 420 hivi. Mwali wa oksijeni na asetilini unafika 3,000. Kila upande wa mkato, zinki inaungua na chuma kinabaki uchi. Ule moshi mweupe ndiyo kinga mliyoilipia, na fundi anayeuvuta anaweza kulala na homa.

Eti "tutapaka rangi". Nje sawa. Ndani, yanakopita maji, brashi itafikaje?

Msumeno wa chuma unaacha wazi ukingo mwembamba tu. Kateni taratibu, lainisheni kwa tupa, chongeni meno, na yanayobaki nje yapakeni rangi yenye zinki. Kamati iandike kwenye mkataba: hakuna kukata kwa gesi. Asiyetaka, atafutwe mwingine.