Mistari iliyombakiza mtoto kwa mama yake

Katika familia nyingi DNA hutajwa siku ya ugomvi. Baba ana shaka, ndugu wa marehemu wanagombea mirathi, au mtoto aliyekaa mbali miaka mingi anarudi na watu wanaulizana kama ni yeye kweli. Sampuli hupelekwa maabara, majibu yakaja, na ni wachache wanaouliza yalipatikanaje.

Familia ya kwanza kuamuliwa kwa kipimo hiki ilikuwa Uingereza, na aliyetiliwa shaka alikuwa mama.

Mtoto wake wa kiume alizaliwa Uingereza katika familia yenye asili ya Ghana, kisha akaenda Ghana kuishi na baba yake. Aliporudi kwa mama na ndugu zake watatu, maofisa wa uhamiaji hawakumwamini. Walihisi huenda ameletwa mtoto mwingine, labda wa dada wa mama huyo. Vipimo vya damu vya wakati ule vilionyesha kuwa ni ndugu wa damu, lakini havikuweza kutenganisha mama mzazi na mama mdogo. Mtoto akawa hatarini kurudishwa.

Mwaka 1985 wakili wa familia alimwandikia Alec Jeffreys, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Leicester. Tarehe 10 Septemba 1984, Jeffreys alikuwa ametazama filamu ya eksirei yenye mistari ya DNA ya fundi wa maabara yake, pamoja na ya baba na mama wa fundi huyo. Kila mmoja alikuwa na mpangilio wake, lakini mistari ya mtoto ilionekana kutoka kwa wazazi wake wawili.

Mistari hiyo hupatikana hivi. DNA ni uzi mwembamba mno; ule wa seli moja ukinyooshwa wote hufika kama mita 2. Maabara huukata kwa vimeng'enya katika sehemu maalumu. Kuna mahali kwenye uzi ambapo maneno yaleyale ya kijenetiki hurudiwa tena na tena, na idadi ya marudio hutofautiana kati ya mtu na mtu. Kwa hiyo vipande vya mtu mmoja huwa virefu, vya mwingine vifupi.

Vipande hutiwa kwenye vishimo upande mmoja wa bapa la jeli inayotokana na mwani, kisha umeme unawashwa. DNA ina chaji hasi, hivyo huvutwa kuelekea upande chanya. Ndani ya maji matupu, kirefu na kifupi vingekwenda karibu kwa mwendo mmoja. Jeli ndiyo inayovitenganisha, kwa sababu ndani yake kuna wavu wa nyuzi wenye matundu madogo sana.

Mwaka 1989 watafiti nchini Marekani walitia DNA rangi inayong'aa na kuitazama kwa darubini ikipita humo. Haikuwa inateleza kama mpira. Ilijikunja kama fundo la uzi, kisha ncha moja ikapenya tundu na mwili ukafuata, kama nyoka apitaye kwenye matete. Mara nyingine katikati ya uzi hunasa kwenye unywele wa jeli, na ncha zote mbili zikavutwa mbele, uzi ukanyooka kama kanga iliyoanikwa kwenye kamba. Upande mmoja ukizidi mwingine, uzi huchomoka, hujikunja tena na kuanza upya. Kipande kirefu hunasa na kuchelewa, kifupi hutangulia. Umeme ukizimwa, vyenye urefu mmoja vimekusanyika pamoja, na kila kundi huonekana kama mstari.

Kwa mtoto yule baba hakupatikana kupimwa. Jeffreys alichukua mistari ya ndugu zake watatu ambayo mama hakuwa nayo, akajua hiyo imetoka kwa baba. Mistari ya mtoto iliyobaki akailinganisha na ya mama, na yote ikapatikana kwake. Mama mdogo angeshiriki baadhi ya mistari na mtoto wa dada yake, lakini isingetarajiwa ilingane yote. Serikali iliiacha kesi na mtoto akabaki nyumbani.

Siku hizi maabara nyingi hutumia mirija myembamba na kompyuta badala ya bapa la jeli, lakini bado urefu wa vipande ndio unaosomwa. Tanzania huduma hii husimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Mzazi anayekwenda kupima ana la kujifunza kwa familia ile. Sampuli ya mama husaidia hata kama anayetafutwa ni baba, kwa kuwa mistari yake ikiondolewa hubaki ya baba. Baba akiwa amefariki au hayupo, ndugu wa mtoto wanaweza kusaidia kujaza nafasi yake. Na kama wanaodhaniwa kuwa baba ni kaka wawili wa tumbo moja, maabara iambiwe mapema hata kama ni aibu kusema. Ndugu hushiriki mistari mingi, na asiyejua hilo anaweza kupima kidogo mno na kumpa mtoto baba asiye wake.