Msaidizi wa Nani?

Nina ugomvi na neno "msaidizi". Katika miradi ya ikolojia nchini kwetu kuna watafiti, halafu kuna "wengine": dereva, mtunza stoo, mhasibu, karani wa data, mratibu wa kambi, afisa anayefuatilia vibali. Wote hao tumewatia kapu moja na kuliandika "wasaidizi". Ukilisikia neno hilo unadhani bila wao kazi ingeendelea vilevile, labda ingechelewa kidogo tu. Ni uongo, na sisi vijana tuliosoma ndio tunaoueneza.

Twende Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika. Jane Goodall alifika pale mwaka 1960 na dunia nzima inalijua jina lake, kwa haki kabisa. Mwezi Mei 1975 waasi kutoka Zaire walivuka ziwa usiku na kuwateka vijana wanne waliokuwa kwenye utafiti, watatu kati yao wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Baada ya hapo watafiti wageni waliondoka. Kama neno "msaidizi" lingekuwa na maana tunayolipa, utafiti ule ungekufa palepale, kwa kuwa waliokuwa wakisaidiwa hawakuwapo tena.

Haukufa. Watanzania walioitwa wasaidizi waliendelea kupanda vilima, kuwafuata sokwe na kuandika kwa Kiswahili walichokiona. Kipindi hicho makundi mawili ya sokwe, la Kasakela na la Kahama, yalikuwa katika vita iliyoanza 1974 na kuisha 1978. Aliyeshuhudia shambulio la kwanza ni Hilali Matama, Mtanzania. Yaani sehemu kubwa ya habari mojawapo maarufu kuliko zote katika elimu ya tabia za wanyama tumeipata kwa watu ambao cheo chao kilisema wapo kusaidia. Sasa niambie: baada ya Mei 1975 walikuwa wasaidizi wa nani?

Na hao angalau walishika kalamu. Nyuma yao walikuwapo walioshughulikia madaftari, mafuta ya boti, chakula na mishahara. Hao hata majina yao hatuyajui.

Kabla ya kuanza shahada ya uzamili nilifanya kazi miaka miwili kama mratibu wa shughuli katika mradi mmoja wa misitu ya milimani. Kazi yangu haikuwa ya kupigwa picha. Nilipeleka barua kwa watendaji wa vijiji kabla timu haijafika, kwa sababu kibali cha COSTECH hakikuzuii kufukuzwa na kijiji ambacho hakikuarifiwa. Nilihesabu betri. Nilihakikisha saa ya kila kamera ya kutegea iko sahihi na kila kadi imeandikwa namba ya kituo chake. Huo ndio mlango wa sayansi yenyewe. Kadi isiyojulikana imetoka kituo gani ni picha nzuri ya paa, basi. Haikuambii chochote kuhusu msitu. Saa ikikosewa, mnyama wa usiku anageuka kuwa wa mchana, na hakuna programu ya takwimu itakayomrudisha gizani bila mtu aliyeweka kumbukumbu ya kosa hilo.

Nilipoaga ili nirudi chuoni, mtaalamu mmoja alinipongeza kwamba hatimaye naenda kufanya "ikolojia ya kweli". Alisema kwa nia njema. Ndiyo maana iliniuma.

Dharau hii ina bei yake, na bei hiyo inaandikwa kwenye bajeti. Wafadhili wengi huweka ukomo wa gharama za uendeshaji, na mishahara ya watu hawa hutupwa humo pamoja na kodi ya ofisi na umeme. Pesa ikipungua, kinachokatwa kwanza ni humo. Mradi ukiisha, mtafiti huondoka na data, machapisho na jina. Karani wa data huondoka na barua ya shukrani. Miaka miwili baadaye unakuja mradi mwingine msitu uleule, unaajiri karani mpya, na yeye anaanza upya kujifunza yale ambayo mwenzake alishayajua. Halafu tunakaa kwenye semina kulalamika kwamba nchi yetu haina data za muda mrefu.

Najua nitaambiwa kwamba dereva hawezi kutunga swali la utafiti. Sawa. Lakini mtunga swali naye hawezi kushusha mgonjwa aliyeumwa na nyoka kutoka mlimani usiku kama hakuna aliyepanga mapema gari liko wapi na hospitali ipi ina dawa. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Sisi tumekipa kidole kimoja shahada ya uzamivu, tukavisahau vingine.

Hata darasani mambo ni hayohayo. Katika programu ninayosoma tunafundishwa takwimu na nadharia mpaka kichwa kinauma, na ninashukuru. Lakini hakuna hata saa moja ya kusimamia watu, kupanga bajeti, au kurejesha masurufu. Wengi wetu tukihitimu tutapewa kusimamia miradi, na tutaisimamia kwa kubahatisha, tukiwategemea watu tuliofundishwa kutowaona.

Kwa hiyo, rafiki yangu unayeandika andiko la mradi usiku huu, sikuombi hisani. Mshahara wa karani wa data na wa mratibu uuandike kwenye mstari wa ukusanyaji wa data, mahali unapostahili kuwa. Mkataba wao uende sawa na wa watafiti, na uwe na miezi ya mwisho ya kukabidhi kumbukumbu. Na aliyefanya kazi ya kuunda data, jina lake liingie kwenye chapisho. Mfadhili akiuliza kwa nini mstari huo umenenepa, mweleze yaliyotokea Gombe baada ya Mei 1975.