Ardhi Ipimwe Mbele ya Wenyewe

Wakati huu ambapo vijiji vingi vya Tanzania vinapimwa na kupewa vyeti vya ardhi, yafaa tuyakumbuke yaliyotokea pwani yetu zaidi ya karne moja iliyopita. Mambo hayo si hadithi za kale tu. Athari zake zilivuka nyika na kupanda mpaka nyanda za Mbulu na Hanang, nchi iliyo mbali kabisa na bahari, na kila mwenye dhamana ya ardhi leo hana budi kuzijua.

Upimaji wa mwanzo wa Wazungu ulikuwa wa bahari. Baina ya mwaka 1822 na 1826, Kapteni William Owen wa Uingereza alizunguka pwani hii kwa merikebu za Leven na Barracouta, akipima vina vya maji na kuandika miamba na milango ya bandari. Kazi ile iliwafaa mabaharia, wala haikumnyang'anya mtu shamba lake.

Mwaka 1886 mambo yaligeuka. Uingereza, Ujerumani na Ufaransa ziliunda tume ya kuchunguza mamlaka ya Sultan Barghash yalifika wapi barani. Mjumbe wa Uingereza alikuwa Kitchener, yule aliyepata sifa baadaye katika vita vya Sudan. Mwishoni mwa mwaka huo Uingereza na Ujerumani zilipatana kwamba Sultan atambuliwe kuwa na visiwa vya Unguja, Pemba, Lamu na Mafia, pamoja na ukanda wa maili kumi kutoka ufukweni, tangu Ghuba ya Tunghi hadi Kipini. Mwezi wa Disemba Sultan alikubali, kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Katika mapatano hayo hayo mstari ulichorwa kutoka mlango wa mto Umba kwenda Ziwa Jipe, ukapita upande wa kaskazini wa Kilimanjaro na kuishia Ziwa Viktoria. Hizo maili kumi hazikufuata shamba la mtu, kisima wala malisho. Ilikuwa hesabu ya mezani, na watu waliolala katika nchi moja waliamka katika nchi mbili. Mwaka 1890 Ujerumani ililipa marki milioni nne, na sehemu ya ukanda huo iliyo Tanganyika ikawa mali yake.

Lakini jambo zito zaidi lilikuja tarehe 26 Novemba, 1895. Siku hiyo serikali ya Kaisari ilitoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani ni mali ya dola, ila pale ambapo mtu, mtawala wa kienyeji au jamii itaweza kuthibitisha haki yake. Hapo mzigo wa ushahidi uliondolewa mabegani mwa mgeni ukatwikwa mwenyeji. Upande wa Kenya, Waingereza walitunga sheria ya mwaka 1908 iliyowataka wenye ardhi wa pwani waende kudai na kuandikishwa. Wasiodai, au wasioweza kuthibitisha, ardhi zao zilihesabiwa kuwa za serikali. Tatizo la watu wanaoitwa maskwota katika ardhi za babu zao, ambalo mpaka leo linaisumbua pwani ya Kenya, lina mizizi yake hapo.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Pwani yetu ilijifunza jambo la pili: daftari likishikwa na mgeni peke yake, mali hupotea kwa habari na kwa mhuri.

Msomaji wa visiwani aweza kuuliza, haya yanaihusu nini Dongobesh? Yanaihusu sana. Waingereza walipoitwaa Tanganyika, sheria yao ya ardhi ya mwaka 1923 iliifanya ardhi yote kuwa ya umma chini ya Gavana, na msingi huo uliendelea baada ya Uhuru. Kusini ya Dongobesh, katika nyanda za Basotu wilayani Hanang, Shirika la Kilimo na Chakula la Taifa, NAFCO, lilianzisha mashamba makubwa ya ngano kwa msaada wa Kanada, yakafikia ekari zipatazo 100,000. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarabaig, na ndani yake mlikuwamo makaburi ya wazee wao. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani mwaka 1981, na Mahakama Kuu iliwapa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilitengua hukumu hiyo, kwa hoja kwamba hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ile. Sauti ya amri ya 1895 ilikuwa bado inasikika.

Hatusemi kwamba taifa halikuhitaji ngano. Tunasema kwamba nchi ile haikuwa tupu. Wairaqw wa Mbulu wana neno lao, aya, maana yake nchi yenye mipaka inayojulikana na wakaao humo. Mipaka haikuanza siku mpimaji alipofika na vyombo vyake.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2001, imeleta nafuu kubwa. Inaitambua haki ya kimila kuwa na nguvu sawa na haki ya kupewa na serikali. Lakini sheria njema haijitekelezi yenyewe. Kijiji kisichopimwa kingali dhaifu mbele ya mwenye fedha, na kijiji kilichopimwa haraka haraka hupata cheti pamoja na ugomvi wa jirani.

Visiwani, ambako ardhi si jambo la Muungano, ardhi iliwekwa mikononi mwa Serikali baada ya Mapinduzi, na wananchi wengi wakagawiwa eka tatu tatu. Leo thamani ya ufukwe imepanda, na wavuvi na wakulima wa mwani wanapakana na hoteli. Nao pia wanastahili kuulizwa kabla nguzo hazijasimikwa.

Kwa hiyo tunawasihi maofisa wa ardhi, wa bara na wa visiwani: wazee, wanawake na wafugaji waitwe kwanza, mipaka itembewe kwa miguu mbele ya majirani wa pande zote, ramani ibandikwe pale ambapo kila mtu ataiona, na isomwe kwa lugha wanayoielewa. Kazi hiyo itachukua siku nyingi, lakini siku hizo ni chache kuliko miaka ya mashtaka.