Si Kila Kitu Unachojua Kufanya Lazima Ukiuze

Ukijua kufuma katika hii Nairobi, kuna swali moja huwezi kulikwepa: "Unauza ngapi?" Wanaouliza si wanunuzi peke yao. Marafiki wanauliza, majirani wanauliza, hata makanga anaweza kukuuliza huku akihesabu chenji. Ukijibu kwamba huuzi, watu wanakuangalia kama msee aliyeokota elfu moja barabarani kisha akairudisha pale pale. Halafu unapewa ushauri ambao hukuomba: "Buda, umekalia pesa na hujui."

Mimi ni kijana wa miaka 23. Ninafuma kofia na sweta, ninakausha majani ya kunde kwa balkoni ya gorofa ya nne, na kwa friji yangu kuna chupa ya achari ya maembe. Sijawahi kuuza hata kimoja cha hivyo vitu, na sina mpango. Msimamo wangu ni rahisi: kufanya kitu kwa mikono yako kwa sababu kinakupa raha ni sababu ya kutosha. Hauhitaji nyingine.

Najua venye hiyo inasikika. Kodi haingoji, kazi hazipatikani, na kila mtu anahitaji kitu cha pembeni ndio mwezi uishe. Sidharau hata kidogo mtu anayeuza kazi ya mikono yake. Natoka Ukambani, na huko kuna watoto wengi waliosoma kwa sababu mama alisuka viondo usiku na kuvipeleka sokoni asubuhi. Kama ufumaji ndio unakulipia kodi, fuma na uuze, na usikubali mtu akushushie bei. Naongea na sisi wengine, wale tukishika tu kitu kipya, kabla hata hatujakijua vizuri, tayari tumeshakifungulia akaunti na tunatafuta jina la biashara.

Tumefunzwa kwamba wakati usioleta pesa ni wakati umepotea. Ukikimbia, kimbia ukiwa unajirekodi. Ukipika, pika kwa oda. Ukipenda kitu, kifanye bidhaa. Matokeo ni kwamba tuko na kazi mbili, tatu kila mtu, na hakuna hata kitu kimoja cha kupumzikia. Kinachobaki ni simu, na simu nayo inatuuza sisi.

Hebu tufanye hesabu ya topu moja ya kroshe, zile zimejaa mitaani siku hizi. Kuna kitu wengi hawajui: sweta ya kawaida inaweza kufumwa na mashine, lakini kroshe halisi bado ni kazi ya mkono. Viwanda havina mashine ya kuifanya. Kila topu ya kroshe uliyowahi kuona dukani, hata ile ya bei ya chini kabisa, kuna mtu mahali fulani alikaa na kulabu akaifuma kitanzi baada ya kitanzi. Sasa sema topu yako imekuchukua saa 12 na uzi wa shilingi 600. Mteja anataka kuilipa 1,200. Toa uzi, gawa kwa saa. Ni shilingi 50 kwa saa, na bado atakuuliza kama unaweza kumtolea kitu.

Nina rafiki aliyeanza kufuma akiwa kidato cha tatu. Mikono yake ilikuwa myepesi, anafuma huku anaongea na hata haangalii. Watu wakamwambia aanze biashara, akaanza. Disemba moja alichukua oda 14. Alifuma mpaka usiku wa manane, vidole vikavimba, mteja mmoja akabadilisha rangi wakati kazi imefika nusu, mwingine akapotea bila kulipa. Kufikia Januari alikuwa amegawa sindano zake zote. Nikimuuliza kama atarudi, anasema akiona tu donge la uzi roho yake inachoka. Hakupata hasara kubwa ya pesa. Alipoteza kitu alichokipenda, na hicho hakirudi kwa M-Pesa.

Kwa nini nakitetea hivyo? Kwa sababu sijapata kitu kingine kinachonituliza kama kufuma. Mikono yote miwili ina kazi, kwa hivyo simu inakaa mfukoni. Kichwa kinahesabu vitanzi, kwa hivyo hakina nafasi ya kuzunguka kwenye yale mambo ya saa nane usiku. Na kuna hii kitu ya kufumua. Ukikosea mstari wa kumi, unavuta uzi, mistari inafunguka, na uzi unabaki mzima mikononi mwako. Unaanza tena na uzi ule ule. Niambie ni wapi pengine maishani unaruhusiwa kurudia bila kulipia.

Mwaka wa 2021, kule Tokyo, mpiga mbizi wa Uingereza Tom Daley alishinda dhahabu ya Olimpiki. Siku chache baadaye kamera zikamkuta amekaa kwa viti vya watazamaji anafuma, tena bila haraka. Alikuwa pia amefuma kifuko cha kuwekea medali yake isikwaruzwe. Dunia nzima ilicheka kidogo halafu ikapenda. Mimi niliona mwanaume aliye kwenye presha ambayo wengi wetu hatutawahi kuijua, na amepata pa kuiweka. Ni kweli kwamba baadaye alianzisha biashara ya vifaa vya kufumia. Hata bingwa wa Olimpiki hakuachwa afume tu. Lakini kilichomtuliza siku ile kilikuwa uzi, si mauzo.

Na kwa wale wanaosema hii ni kazi ya wasichana, waende pwani wawaangalie wavuvi wakikaa chini kuziba nyavu zao. Sindano, uzi, fundo, fundo, fundo. Hakuna anayewaambia hiyo ni kazi ya wasichana.

Hata hivyo, sababu kubwa inayonifanya niandike haya si utulivu wangu. Ni susu yangu.

Susu alisuka viondo maisha yake yote. Wanawake wa rika lake walikuwa wakisuka wakitembea: mzigo mgongoni, kiondo kinachoendelea mikononi, na mazungumzo hayakatiki. Watu hudhani kiondo ni kitu cha zamani kisichobadilika, lakini sivyo. Zamani nyuzi zilitoka kwa magome ya miti, mbuyu ukiwemo. Mkonge ulikuja baadaye. Ni mmea wa Meksiko, ulioletwa Tanganyika mwaka wa 1893 kabla ya kuenea hadi kwetu. Wanawake wakauchukua, wakausokota kwenye mapaja, wakaufanya wao. Kisha wakaongeza nyuzi za dukani za rangi kali. Walikuwa wabunifu kuliko sisi tunaojiita wabunifu.

Sasa sikiliza. Vile viondo vinavyopendwa sokoni, vyenye mikanda ya ngozi, vina mtu wa kuvirithi, kwa sababu vina oda. Lakini susu anajua kusuka kingine kidogo, kilichobana sana, cha kuwekea mbegu. Hakuna mtalii anayekiulizia. Hakina mkanda, hakipendezi kwenye picha. Mikono yake sasa imeshikwa na viungo na hawezi kumaliza kimoja. Mimi nimejifunza kitako chake tu, pale anapoanzia, na kila nikienda nyumbani ananionyesha mizunguko miwili mitatu zaidi. Nikifuata ushauri wa "fanya kinachouza", ningekuwa nimeacha zamani. Na susu akienda, kingeenda naye.

Hapo ndipo tunapoumia bila kujua. Kama tutajifunza tu vitu vinavyouza, basi soko ndilo litakaloamua ni nini tukumbuke na ni nini tusahau. Na soko halina susu.

Tuje jikoni, maana huko nako ni vile vile. Watu wa kwetu wamekuwa wakikausha kunde tangu zamani, kwa sababu mvua Ukambani haina adabu. Inanyesha wiki chache, mboga zinajaa, halafu miezi inapita kavu. Namna ya kufanya si ngumu. Chuma majani machanga, yaoshe, yatie kwenye maji ya chumvi yanayochemka kwa dakika chache, yachuje, kisha yatandaze juu ya kitambaa safi mahali penye upepo. Kivulini ni bora kuliko juani moja kwa moja, kwa sababu jua kali hula rangi na vitamini A. Yakikauka hadi yanavunjika ukiyafinya, yaweke kwenye chombo kisichoingiza unyevu. Siku ya kupika, yaloweke kwa maji ya moto, kaanga na kitunguu na nyanya, kula na muthokoi au ugali. Balkoni yangu ni ndogo kuliko meza ya pool na imetosha.

Maembe nayo, kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi hivi, hujaa mpaka yanaoza chini ya miti. Makueni wamejenga kiwanda cha kuyasindika, na hiyo ni poa sana, lakini kiwanda hakiwezi kukusaidia wewe uliyebeba mfuko wa maembe 20 kutoka ushago na matano tayari yameanza kulainika. Kata vipande vyembamba ukaushe. Yale mabichi, tengeneza achari ya siki, chumvi na pilipili kama watu wa Mombasa, uiweke kwa friji.

Lakini kwa nyanya kuna onyo, na hili ni la muhimu. Kuna watu wanaona video ya mtu Marekani anajaza nyanya kwenye chupa za kioo, wanaiga, wanaziweka kabatini. Nyanya pekee hazina ukali wa kutosha kila mara kuzuia bakteria wa botulini, na sumu yake huwezi kuiona, wala huenda usiinuse. Ndiyo maana wanaojua huongeza maji ya ndimu yaliyopimwa, vijiko vikubwa viwili kwa lita. Halafu kuna hii ambayo wengi hawaifikirii: Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi kama 94 tu, si 100. Muda wa kuchemsha chupa uliopimwa kwa watu wa pwani hautoshi kwetu. Kama huna uhakika, pika rojo lako na uliweke kwa friza. Hakuna aibu.

Najua kuna mtu ameshapiga hesabu na anataka kunimaliza: "Lakini sweta Gikomba ni bei rahisi kuliko uzi wako." Ni kweli, na sitabisha. Ukitafuta kuokoa pesa, nenda Gikomba asubuhi mapema na utavaa vizuri kuliko mimi. Kufuma si njia ya kupata sweta kwa bei nafuu, kama vile kucheza mpira Jumapili si njia ya bei nafuu ya kufika upande ule mwingine wa uwanja.

Kwa hivyo vitu vyangu huenda wapi? Vinaenda kwa watu. Kofia moja iko kwa mtoto wa jirani aliyezaliwa Julai, ile baridi ya kuuma. Kunde kavu huwa nampelekea shangazi, maana anasema zinampeleka nyumbani. Sweta moja ya kijani susu huivaa hata jua likiwaka, na mkono wake wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia. Hakuna aliyelipa na hakuna anayenidai. Lakini nikiugua leo, najua ni milango ipi itafunguka. Hiyo pia ni akiba, ingawa haina programu kwenye simu.

Kama umesoma mpaka hapa, nakuomba kitu kimoja. Chagua jambo moja tu la mikono: kulabu na donge la uzi kutoka Biashara Street, sukuma kwenye gunia nyuma ya nyumba, maembe ya kukausha. Lifanye vibaya kwa mwezi mmoja. Usilirekodi, usilipe jina, usilipangie bei. Kama kuna mtu mzima kwenu anayelijua, keti karibu naye na umwambie akuonyeshe polepole, kwa sababu video itakungoja mwaka ujao lakini mikono yake huenda isiweze.

Na la kwanza utakalomaliza, hata likiwa limepinda, mpe mtu.