Harusi ya siku mbili, begi la mwezi mzima

Haya jamani, nimerudi. Najua nimewatupa wiki mbili nzima, mtanisamehe. Sikuumwa wala sikuwa na mtihani. Nilikuwa Zenji, harusini. Leo ndiyo kwanza nimelifungua begi, na nilichokikuta humo kimenipandisha hasira mpaka nimeliacha andalio la somo ambalo kesho natakiwa kulisimamia mbele ya darasa. Kwa hiyo leo hakuna hadithi za foleni ya kafe wala maji kukatika bwenini. Leo nagomba.

Bibi harusi mnamfahamu, hasa nyie wa mwaka wa tatu. Ni yule dada aliyemaliza mwaka jana, aliyekuwa akitugawia noti zake bila kubania. Kapata mwenza mzuri, wakakubaliana harusi isiwe Dar, iwe Paje, ufukweni, watu hamsini tu. Niliposikia nilishangilia. Nikasema afadhali, watu wamepata akili, wameachana na kumbi za watu mia tano na kamati ya miezi sita.

Kumbe wapi! Kamati ilikuwepo, tena ya watu wenye nguvu. Likafunguliwa kundi la WhatsApp, na siku ya tatu ikashuka orodha. Ijumaa jioni wote nguo nyeupe, picha za ufukweni. Jumamosi sare ya kitambaa kimoja, wanawake mshono mmoja, viatu vya rangi ya dhahabu. Jumapili asubuhi kanga za kufanana kwa ajili ya kuagana. Chini yake imeandikwa: asiye na sare hatakaa kwenye picha. Nimenukuu kama ilivyo.

Sasa tupige hesabu, maana ualimu bila hesabu ni porojo. Kitambaa 55,000. Fundi 35,000. Gauni jeupe 30,000. Viatu 40,000. Hizo ni 160,000, na boti bado, gari bado, pa kulala bado, kanga bado. Ongeza mchango wa kadi ya mtu mmoja, 50,000. Jumla 210,000. Sisi wenye bumu tunahesabiwa 10,000 kwa siku ya chakula na malazi tangu mwaka wa masomo 2022/23. Maana yake kabla sijakanyaga bandarini nilishavaa na kuchangia siku ishirini na moja za kula na kulala. Na bumu ni mkopo, wapendwa. Nikija kuajiriwa nitakatwa mshahara kwa ajili ya viatu vya dhahabu!

Hapo ndipo nilipouona mchezo. Harusi ya ukumbini mwenye shughuli analipia ukumbi, wewe unakuja na daladala, unakula, unarudi kulala kwako. Harusi ya safari inawapunguza wageni, ndiyo, lakini gharama haijapungua. Imehamishwa tu kutoka kwa mwenye shughuli kwenda kwa mgeni. Mgeni anajisafirisha, anajilaza, halafu juu ya hapo anaambiwa awe pambo la picha, na pambo hilo alinunue mwenyewe.

Mtaniambia sare inaleta umoja. Mimi nasomea ualimu, hilo la sare niachieni. Shuleni sare ilikusudiwa kumficha mtoto wa maskini asijulikane kati ya wenzake. Hata hivyo mnajua yanayotokea. Ada imefutwa hadi kidato cha nne tangu 2016, lakini sare mzazi bado ananunua, na mtoto asiye nayo ndiye anayejificha nyuma ya darasa. Sare ya harusi haina hata ile nia njema ya mwanzo. Haimfichi asiye nacho, inamtoa hadharani. Kwenye watu hamsini waliovaa kitambaa kimoja, aliyevaa chake anaonekana kutoka Pemba.

Na sasa nakuja kwenye linaloniuma.

Mwenzangu wa chumba alitakiwa tuende naye. Ndiye aliyekuwa karibu zaidi na bibi harusi, kuliko mimi, kuliko hata wale wa kamati. Mchango wake alilipa mapema, hamsini yote, sijui alijibana vipi. Mimi kwenye lile kundi nilikuwa nimepewa kazi ya kukusanya hela za sare kwa watu wa Mlimani. Ndiyo, mimi mwenyewe ninayegomba hapa. Nikamwandikia mara tatu. Ya mwisho niliandika: "Bado wewe tu, unatuangusha." Tunalala chumba kimoja, lakini nilimwandikia kwenye simu, mbele ya watu wote.

Siku mbili kabla ya safari nikakuta gauni lake la kitenge, lile la bluu analovaa kanisani, limepigwa pasi na kutundikwa mlangoni. Nikamwambia, "Hilo si sare." Hakunijibu. Kesho yake akasema hataenda, ana testi. Hakukuwa na testi. Tunasoma kozi moja.

Nikaenda peke yangu na begi lisilofunga zipu. Mwendokasi kutoka Ubungo na begi lile ni adhabu ya kutosha, lakini bahari iliongeza yake. Mwezi wa sita kusi imeshashika, na boti inayokwenda Unguja ni kama saa mbili za kurushwa. Nilikuwa na jozi tatu za viatu, pafyumu mbili, hereni za kila nguo, lakini sikuwa na kidonge cha kichefuchefu wala hata kipande cha tangawizi. Nilitapika hadi Malindi. Mama mmoja wa Kiunguja aliyekaa kando yangu, Mungu ambariki, alichukua upande mmoja wa kanga yake akanifunika na kunipepea. Aliniuliza, "Mwanangu, unahamia?" Alikuwa analitazama begi.

Paje iko upande wa mashariki, kama kilomita hamsini kutoka Mjini, na upande ule ndio unaopokea kusi moja kwa moja. Ndiyo maana utakuta watalii wakicheza majini na tiara kubwa, upepo upo wa kutosha. Kamati iliyoandika rangi ya viatu haikuandika neno moja kuhusu upepo. Ijumaa jioni tulisimama na vigauni vyeupe vyepesi, mikono nje, tunatetemeka, nywele za watu zinaruka. Na pale ni kijiji cha watu, si studio. Kuna misikiti, kuna wazee barazani, kuna watoto wanatoka chuoni. Tulipita katikati yao mabega wazi, na hakuna aliyetutukana, ila mimi niliona aibu. Mgeni anayefungasha begi angejiuliza kwanza anaenda kwa nani.

Jumamosi ndiyo balaa. Mwezi ulikuwa mpevu, yaani bamvua. Viti vilipangwa asubuhi saa nne, wakati bahari imekimbia mbali kabisa na kina mama wako huko kwenye mashamba yao ya mwani. Mchanga mweupe, mzuri, kamati ikapiga picha na kupongezana. Ndoa ilikuwa saa kumi jioni. Kina mama wale wangeulizwa, wangesema kwamba siku za bamvua saa kumi maji yanakuwa yamejaa. Hawakuulizwa. Bahari ikarudi kuchukua pahala pake, viti vikahamishwa mbiombio, visigino vya dhahabu vikazama mchangani, na sare ya 90,000 ikalowa chumvi mpaka magotini. Tulimaliza harusi pekupeku, wote hamsini. Na mnajua nini? Hapo ndipo ilipoanza kunoga.

Jioni bibi harusi akanishika mkono, akaniuliza, "Mwenzako yuko wapi? Nimemtafuta tangu jana." Nikasema ana testi. Akaniangalia. Naye kasoma kozi hiyohiyo, ratiba anaijua. Akauliza kama ni mambo ya sare. Nikanyamaza. Akasema, "Mimi ningempokea hata na kanga." Orodha ile hakuiandika yeye. Aliiona imeshatoka, akaogopa kuwaudhi waliokuwa wanamsaidia. Kwa hiyo yeye aliwaogopa kamati, kamati waliogopa kuonekana hawajui kuandaa, mimi niliogopa kuachwa, na aliyelipa ni yule asiyekuwa na kitu.

Wapo watakaosema kama huna hela usiende. Sawa, basi semeni hivyo kwenye kadi. Andikeni kwamba mnaalika wenye hela, wengine tutawaombea dua tukiwa mabwenini. Lakini huwezi kupokea mchango wa mtu halafu ukamfungia mlango kwa sababu ya kitambaa. Wengine watasema harusi ni mara moja, acheni watu wapendeze. Na wapendeze! Bibi harusi apendeze, bwana harusi apendeze, wasimamizi wao wapendeze, nao walipiwe na mwenye shughuli. Mgeni kazi yake ni kushuhudia, kula na kupiga vigelegele. Vigelegele havina rangi.

Sasa, kwa kuwa mtaalikwa na nyie, haya ndiyo niliyoyatumia kweli kutoka kwenye begi langu. Kitambulisho, maana bila hicho kukata tiketi ya boti ni maswali matupu. Chaja. Ndala. Gauni moja la heshima lenye mikono. Nguo za ndani. Na doti moja ya kanga, ambayo nilijitandia kijijini, nikajifunikia kwenye upepo, nikajifutia maji na kulalia juu yake. Hivyo tu. Vinaingia kwenye mkoba ninaobebea vitabu. Ongeza vidonge vya kichefuchefu kama ni msimu wa kusi, na usifungashe kwa mifuko ya rambo. Bara ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na Visiwani walishatutangulia. Vilivyobaki vyote, yaani ile laki na zaidi, nilivisafirisha kwenda kuvitembeza.

Na hoja yangu kwa kamati zote, za sasa na zijazo, ni hii. Mkipeleka harusi mbali, mgeni apewe rangi moja pana, ya kitu alichonacho kabatini. Mwambieni hali ya hewa, maji yanajaa saa ngapi, na wenyeji wanavaaje. Kama lazima sare, mwenye shughuli anunue. Kama hawezi kununua, si lazima. Na anayekusanya hela asimwandikie mtu mbele ya watu. Hilo la mwisho ni langu, nalisema nikiwa nimeinamisha kichwa.

Nikiwa Darajani siku ya kurudi, na vichenchi vilivyobaki, nilinunua doti ya pili. Kwenye duka kulikuwa na moja yenye jina "Usisafirie nyota ya mwenzio". Nikaona hiyo ni yangu, nikaibakiza kwangu. Ya mwenzangu nilichagua ya bluu, iende na kile kitenge. Jana usiku nilimpa nikamwomba radhi. Aliipokea, akaikunja vizuri, akaiweka chini ya mto. Hakusema yameisha. Alisema tu kwamba mwezi ujao tukienda kwenye mazoezi ya kufundisha, nisije nikamrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya sare.

Nimefulia, wadau. Viatu vya dhahabu viko hapa, namba 38, vimevaliwa dakika ishirini, vina chumvi kidogo. Anayevitaka aje chumbani, hata kwa bei ya chapati na maharage.

Naomba kuwasilisha.