Kueleza Kasoro ni Kazi, Kufoka si Kazi

Ndugu wafanyakazi, mashine inapoharibika kiwandani tunawaona watu wa aina mbili. Mmoja humwendea fundi akamwambia: mashine ya tatu, tangu zamu ya usiku, kila ikipata moto hutoa mlio wa namna hii. Mwingine hupita akifoka kwamba fundi ni mvivu, heri aletwe mwingine. Wa kwanza amempunguzia fundi nusu ya kazi. Wa pili amemwongezea mzigo.

Jambo hili wanalo pia wenzetu wanaotengeneza programu huria za kompyuta, yaani zile ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzisoma, kuzitumia na kuzirekebisha. Mabenki na makampuni makubwa ya dunia huzitumia kila siku. Lakini wanaozitunza wengi wao hawapati hata senti moja.

Tutazame programu iitwayo xz, ambayo hubana mafaili ili yachukue nafasi ndogo. Kwa miaka mingi ilitunzwa hasa na mtu mmoja, Lasse Collin wa Finland, kwa kujitolea. Mwaka 2022 walijitokeza watu wakaanza kumsonga: mbona unachelewa, kwa nini humkabidhi mwingine? Akawajibu kwamba kazi hiyo haina malipo, na kwamba amelemewa. Hawakumwonea huruma. Mwishowe mtu aliyejiita Jia Tan, ambaye alikuwa akileta marekebisho kwa upole na subira, akapewa sehemu ya usimamizi. Mwanzoni mwa mwaka 2024 yakatoka matoleo mawili, 5.6.0 na 5.6.1, yenye mlango wa siri wa kumwingiza mgeni katika kompyuta za watu.

Nani aliyeokoa jahazi? Ni mhandisi mmoja, Andres Freund, mwajiriwa wa Microsoft. Aliona kwamba kuingia katika kompyuta iliyo mbali kunachelewa kwa kadiri ya nusu sekunde. Hakumtukana mtu. Alipima, akafuatilia hatua kwa hatua, na tarehe 29 Machi 2024 akaitangaza kasoro hiyo pamoja na ushahidi wake. Matoleo yale yakaanza kuondolewa mara moja, kabla hayajaenea kila mahali.

Sisi tunajifunza nini? Kwanza, anayeona kasoro aieleze: ni wapi, tangu lini, na inatokeaje. Nusu sekunde iliyopimwa vizuri ilifaa kuliko malalamiko mengi. Pili, fundi naye asimfukuze anayemletea habari mbaya, maana huyo ndiye jicho lake. Tatu, na hili ndilo kubwa, hatuna budi kuuliza: wanaovuna faida walikuwa wapi wakati mtu mmoja anabeba mzigo wa maelfu? Kidole kimoja hakivunji chawa. Mfanyakazi aliyeachwa peke yake, bila msaidizi na bila ujira, ni tundu katika ukuta wa nyumba ya wote, na mwizi hupita hapo hapo.

Kwa hiyo tunasema: makampuni yanayotumia jasho la watunzaji hawa yawalipe na kuwapa wasaidizi. Na sisi, kesho mashine ikilia, tumwendee fundi na maelezo, tuache kumzomea.